Miwa Haingojei Itikadi

Trekta lilisimama kwenye njia panda kati ya Mumias na Bungoma, trela nyuma yake imejaa miwa hadi juu. Upande wa kushoto kulikuwa na barabara ya kiwanda kilichotoa mbegu na mbolea. Upande wa kulia kulikuwa na barabara ya kiwanda kingine, ambacho hakikuwa kimetoa hata gunia moja la mbolea. Dereva alizima injini, akamgeukia mwenye miwa.

"Mzee, tunaenda wapi?"

"Nani analipa wiki hii?"

"Lakini mkataba wako uko kule."

"Mkataba haujalipa karo, kijana wangu."

Miwa yenyewe ilikuwa ya miezi 13. Trekta likapinda kulia.

Kona ile imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Magharibi mwa Kenya tumebishana juu ya uchumi kwa swali moja tangu uhuru: kiwanda kiwe cha serikali au cha mwenye mtaji? Tunalibeba kwenye mabaraza, kwenye kampeni, kwenye matanga. Nami sasa nashuku kwamba tumeshika ncha isiyo sahihi ya swali hili. Lile trekta halikuuliza kiwanda ni cha nani.

## Ekari moja, shilingi kwa shilingi

Tuchukue ekari moja ya miwa ya mkataba, mmea wa kwanza. Namba hizi ni za mfano. Toa zangu uweke za msimu wako, uone.

Kulima mara mbili na kupiga mifereji: 14,000. Mbegu, tani 3 hivi za vipande: 15,000. Mbolea, DAP ya kupandia na yurea ya baadaye: 18,000. Riba na makato madogomadogo: 7,000. Hizo 54,000 zimeshaingia deni kabla panga la kwanza halijaguswa.

Baada ya miezi 20 shamba linatoa tani 30. Kwa 5,000 kwa tani, hiyo ni 150,000. Kukata ni 400 kwa tani, kusafirisha ni 800, jumla 36,000. Toa yote. Mkulima anabaki na 60,000, yaani 3,000 kwa mwezi.

Sasa tuseme miwa imekatwa Jumatatu na trekta limekuja Jumapili.

Muwa ukishakatwa huanza kujila. Kimeng'enya kilicho ndani yake huivunja sukari tunayoitaka kuwa sukari sahili zisizogandika kuwa chembe. Bakteria aina ya Leuconostoc huingia kupitia pale panga lilipopita na kutengeneza utelezi unaosumbua mitambo. Maji nayo yanakauka. Miwa iliyochomwa moto huharibika haraka zaidi. Kiwanda kinachojiheshimu hutaka miwa ifike ndani ya saa 24, na ikizidi sana, 48.

Shamba letu la tani 30 likipoteza asilimia 10 ya uzito wake kando ya barabara, mizani itasoma 27. Mapato yanashuka hadi 135,000. Gharama za kukata na kubeba zinapungua kidogo, lakini zile 54,000 hazijasogea. Mkulima anabaki na 48,600.

Asilimia 10 ya uzito imekula asilimia 19 ya kinachobaki mkononi mwake.

Hesabu hiyo ndiyo ingefaa kutundikwa ukutani kwa kila chifu wa ukanda wa miwa, kwa sababu inaonyesha hasara inaangukia nani. Kiwanda hakijapoteza mbegu. Mwenye trekta analipwa kwa tani alizobeba. Aliyekopesha mbolea atakata deni lake lote. Siku sita za kuchelewa zimelipwa na mtu mmoja, ambaye hakuwa na trekta, hakupanga ratiba ya kuvuna, wala hakusimama karibu na mizani.

## Kiwanda kimoja, wenyewe wanne

Kama umiliki ungekuwa ndio dawa, Mumias ingekuwa imepona zamani. Kampuni iliandikishwa 1971 na kiwanda kikaanza kusaga 1973, serikali ikiwa na hisa nyingi na Booker McConnell ya Uingereza ikisimamia kazi. Mwaka 2001 hisa ziliuzwa kwa umma kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu, msimamizi anayeshika mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Baadaye kikakodishwa kwa mwekezaji binafsi.

Serikali, wanahisa, mrasimu, mpangaji. Ndani ya miaka 50 tumejaribu karibu kila kilichomo kwenye kitabu cha mifumo ya uchumi, kwenye kipande kilekile cha ardhi, na mkulima yuleyule wa ekari moja.

Enzi ya serikali ilikuwa na wema wake, na wanaoisema vibaya leo wengi wanasahau. Wakulima wengi wadogo walipata trekta, mbegu na mbolea bila kuwa na senti mkononi. Barabara za mashambani zilichongwa kwa sababu kiwanda kilihitaji miwa ipite. Ubaya wake nao unajulikana: mnunuzi akiwa mmoja, na mwenye mnunuzi akiwa serikali, malipo yanaweza kukaa mwaka mzima na hakuna mahali pa kwenda.

Lawama hii si ya jana. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ndio uliotangaza kwamba Kenya itafuata Ujamaa wa Kiafrika, na mkono wa Tom Mboya wa Rusinga ulikuwa mzito ndani yake. Mwezi Julai mwaka huohuo, mwanauchumi mwenye kwao Kogelo, Siaya, Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliukosoa hadharani kwenye jarida la Afrika Mashariki. Aliona umeacha wazi suala la mali kujikusanya kwenye mikono michache, na akapendekeza ardhi iunganishwe kupitia ushirika wa koo badala ya kukimbilia hati za mtu mmojammoja. Watu wawili wa ziwa moja, na mjadala ambao tungeuendeleza kwa makini tungefika mbali. Tuliuacha ukawa wa vyama.

## Viwanda viwili, shamba moja

Soko huria lilikuja na ahadi safi: wanunuzi wakiwa wengi, bei itapanda na malipo yataharakishwa. Kwa sehemu ilitimia. Lile trekta lilipinda kulia kwa sababu kulia kuna pesa.

Lakini tufanye hesabu nyingine. Kiwanda kinachosaga tani 3,000 kwa siku, kwa shamba la tani 30 kwa ekari, kinameza ekari 100 kila siku. Kikifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni ekari 30,000. Kwa kuwa miwa inahitaji miezi 20 hivi kukomaa, ili kila ekari ipate muda wake lazima ekari 50,000 ziwe zimepandwa wakati wote.

Leta kiwanda cha pili cha ukubwa uleule, bila kuongeza hata ekari moja ya miwa. Sasa ekari 60,000 zinatakiwa kila mwaka kutoka shamba la 50,000. Hakuna namna nyingine ila kuvuna mapema. Umri wa miwa unashuka hadi miezi 10.

Hakuna aliyedanganya mtu hapo. Kila mwenye kiwanda amefanya jambo la busara kwake: mitambo ikilala, mkopo wa benki haulali. Mkulima naye amefanya la busara kwake: analipwa kwa uzito, na miwa michanga ina uzito wa maji hata kama sukari yake ni kidogo. Watu wote wenye akili timamu wameshirikiana kumaliza miwa.

Ndiyo maana Julai 2023 viwanda viliagizwa kufunga kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae. Ndiyo maana Julai 2025 usagaji ulisimamishwa tena kwa miezi mitatu katika kanda za magharibi. Wengi walisema ni ukame, wengine wakasema ni uroho. Ukame ulikuwepo, uroho pia upo. Ila hesabu ya ekari 50,000 ingetufikisha palepale hata mvua ingenyesha vizuri na watu wote wakawa wacha Mungu.

## Vitu viwili visivyolala nyumba moja

Hapa ndipo nilipokwama zaidi.

Mkulima mdogo anataka wanunuzi wengi. Anataka pia mkopo wa pembejeo unaolipwa kwa miwa yenyewe, kwa sababu hana dhamana nyingine. Vyote viwili ni haki yake. Lakini kiwanda kitakopesha mbolea leo kwa sharti moja tu: kiwe na hakika kwamba baada ya miezi 20 miwa itakuja kwake. Wanunuzi wakiwa wengi hakika hiyo inakufa, na mkopo unakufa nayo. Mnunuzi akibaki mmoja mkopo unarudi, na kuchelewesha malipo kunarudi nao.

Ujamaa wetu ulichagua mkopo. Soko letu lilichagua ushindani.

Matokeo yanaonekana kwa macho kule Malava, Nambale, Ndhiwa. Mkulima asiyepata mkopo wa kiwanda hupanda mbegu aliyokata kwa jirani, mara nyingi aina ya zamani kama CO 421 inayochukua muda mrefu kukomaa. Mbolea anaweka nusu. Akibanwa katikati, anakopa chamani kwa asilimia 10 kwa mwezi, au anamuuzia broka miwa ikiwa bado imesimama shambani, kwa bei ya kukadiria kwa macho. Broka hana mizani. Ana simu na trekta la kukodi.

## Kisichoandikwa kwenye mkataba

Uchumi ulinifikisha hapo ukaniacha. Nikageukia wanasosholojia, na kwa muda nilidhani ni Karl Marx atakayenisaidia. Picha yake inafaa kwa kiasi: mtu ana ardhi lakini haamui lini atavuna, nani atabeba, mizani inasema nini. Amekuwa kibarua kwenye shamba lake mwenyewe. Lakini mtazamo wa mgongano wa matabaka unaishiwa pumzi pale kiwanda kinapokuwa mali ya umma, umma ambao mkulima huyo ni sehemu yake, na bado halipwi. Tena adui wa tabaka, ukimtafuta, mara nyingi ni shemeji yake mwenye trekta.

Émile Durkheim alinifaa zaidi. Mwaka 1893 alishikilia kwamba mkataba haujitoshelezi: unasimama juu ya mambo ambayo hayamo ndani yake, desturi, aibu, imani kwamba mwenzangu naye ataheshimu neno. Sasa mrudie yule mzee. Mkataba wake ulikuwa na sahihi, nambari ya shamba na muhuri. Kilichokosekana ni aibu. Hakuna jirani atakayemcheka kwa kupinda kulia, kwa sababu kila jirani amewahi kungoja pesa zake mpaka mtoto akarudishwa nyumbani kutoka shuleni. Kiwanda kilivunja neno kwanza, kijiji kizima kikashuhudia. Baada ya hapo, unaweza kuajiri mawakili wa kutosha kujaza uwanja wa Bukhungu, mkataba hautasimama.

Na kuna Albert Hirschman, aliyekuwa mwanauchumi lakini alifikiri kama watu wa upande wa pili. Mwaka 1970 alieleza kwamba mtu aliyechoshwa na chombo ana njia mbili, kuondoka au kupaza sauti, na kwamba njia ya kwanza ikiwa rahisi inaweza kuiua ya pili. Wazo hilo alilipata Nigeria. Reli ya serikali ilikuwa mbovu, malori yakaja kushindana nayo, na reli haikutengenezeka hata kidogo. Wateja wenye kelele, wale ambao wangesumbua wakubwa mpaka wafanye kazi, walikuwa wameshapanda malori.

Nilipoikumbuka reli ile nilielewa kwa nini mikutano ya wakulima imekuwa mitulivu hivi. Mwenye ekari 20, mwalimu mstaafu anayejua kuandika barua kwa gazeti, ameshapata soko kwingine. Waliobaki kwenye foleni ya kiwanda kibovu ni wale ambao sauti yao haifiki popote.

## Jina lililo kwenye hati

Mitazamo yote hiyo ina upofu mmoja: inamhesabu "mkulima" kama mtu mmoja.

Miwa hupaliliwa mara tatu au nne kabla majani hayajafunga mistari. Ukipita Butere au Matungu asubuhi, angalia ni nani ameinama. Kisha angalia jina kwenye mkataba. Kiwanda hutaka mwenye hati ya ardhi, na hati nyingi ni za mume au za baba mkwe. Malipo huingia kwa akaunti ya jina hilo, mara moja, baada ya miezi 20, yote kwa pamoja.

Kwenye karatasi ya mwanauchumi zile 60,000 zimeingia "kaya". Ndani ya nyumba habari ni nyingine. Mahindi yangempa mama chakula cha miezi minne. Kunde zingempa mboga na pesa ndogondogo za sokoni kila wiki. Miwa imechukua shamba hilohilo kwa miaka mitano au sita, mmea wa kwanza na mavuno mawili au matatu ya machipukizi, na pesa yake huja kwa kishindo mkononi mwa mtu mwingine. Mwanamke anayepalilia kwa uvivu si mvivu. Amepiga hesabu yake, na palizi mbaya inashusha tani kwa ekari. Hakuna bodi ya wakurugenzi, ya umma wala ya binafsi, itakayolitatua hilo bila kubadilisha nani anatajwa kwenye karatasi ya malipo.

## Njia ya ushirika, na majani ya Mudete

Wapo wanaosema: basi kiwanda kiwe cha wakulima wenyewe. Nilikuwa mmoja wao. Mfano uko karibu, upande wa Vihiga, ambako majani chai huenda Mudete, kiwanda kilicho chini ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, ambamo wakulima wana hisa. Jani huchumwa kila baada ya wiki moja au mbili, hupimwa kituoni mbele ya mwenyewe, na malipo ya kwanza huja kila mwezi. Bonasi huja mara moja kwa mwaka.

Nilidhani siri ni hisa. Sasa naona siri kubwa ni ule mwezi. Mchumaji asiyelipwa mwezi huu mwezi ujao haendi shambani, na kiwanda kinajua ndani ya siku 14. Mkulima wa miwa hana kengele kama hiyo. Hasira yake ina mzunguko wa miezi 20. Na hisa zenyewe hazijaondoa malalamiko: kila mwaka bonasi ikitangazwa, wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa huuliza kwa nini yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki, ilhali nao pia ni wenye viwanda.

Sipuuzi ushirika. Ila umiliki wa pamoja bila mzunguko mfupi wa pesa na taarifa ni cheti cha kutundika ukutani.

## Mizani iwe ya nani

Mauritius walilishika jambo hili mahali tofauti na sisi. Mkulima kule hulipwa kwa sukari iliyotoka kwenye miwa yake. Mgawanyo umeandikwa: asilimia 78 kwa aliyelima, 22 kwa aliyesaga. Upimaji unasimamiwa na chombo ambacho si cha kiwanda. Ukilipa kwa sukari, miwa ya miezi 10 haina faida kwa yeyote, na huhitaji askari wa kuzuia trekta barabarani.

Kwetu mizani na maabara vimo ndani ya lango la kiwanda. Sheria ya Sukari ya 2024 imerudisha Bodi ya Sukari, imeweka tozo ya asilimia 4 na kugawa eneo la miwa katika kanda. Mei 2025 viwanda vinne vya umma, Nzoia, Chemelil, Sony na Muhoroni, vilikodishwa kwa wawekezaji kwa miaka 30. Mjadala ulikuwa mkali, na karibu wote ulikuwa juu ya nani amepewa.

Mimi ningeuliza mambo mengine. Saa ngapi zinaruhusiwa kati ya panga na mizani, na saa ya 49 inalipwa na nani? Mizani itakaguliwa na nani asiyekula mshahara wa kiwanda? Na deni: je, linaweza kuifuata miwa badala ya kumfunga mkulima kwa mnunuzi mmoja? Daftari moja la ukanda mzima, kila shamba na deni lake, kiwanda chochote kitakachonunua kikate deni la aliyekopesha kabla ya kumlipa mkulima. Hapo mkopo na ushindani vingeweza kulala nyumba moja. Si rahisi, shamba moja huandikwa kwa majina mawili, na broka hufuta jina njiani. Itahitaji ramani ya kila shamba, na karani atakayegoma kupokea mzigo usio na nambari. Lakini ni kazi ya makarani, wala haihitaji mapinduzi.

Yule mzee alilipwa wiki ileile. Kwenye daftari la kiwanda cha kushoto, ekari kama yake ingali na 47,000 za kulima, mbegu na mbolea ambazo hakuna anayejua zitakatwa wapi. Shambani, machipukizi yameshatoka urefu wa kiganja, na mkewe ameanza palizi ya kwanza.